Ziba Matundu ya Dirisha, Lakini Mbabula Ibaki Nje



Mhubiri 10:18 inasema juu ya nyumba inayovuja kwa sababu mikono ya mwenyewe imelegea. Kwetu huku, kabla mvua haijavuja, upepo umekwisha kuingia. Mbao za mikaratusi tunazipigilia zingali mbichi. Zikikauka zinajikunja, na dirisha lililofunga vizuri mwaka wa kwanza linaacha nafasi ya kupitisha kidole. Mtoto analala hapo chini, asubuhi anakohoa.

Kuziba hakutaki pesa nyingi. Usiku wa upepo pitisha mshumaa polepole pembeni ya dirisha: mahali moto unapoinama, ndipo pa kuziba. Kati ya ukuta na mbao jaza udongo uliokandwa na majivu na mavi ya ng'ombe. Hayo, Masisi hatuyakosi. Simenti peke yake inapasuka, maana mbao inavimba kwa mvua na kunywea kwa jua. Pale dirisha linapofungia, pigilia kipande cha mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki. Nguo kuukuu zinashika maji na kuozesha mbao.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa wamama. Matundu yale yaliingiza baridi, lakini pia yalitoa sumu ya makala. Wengi wetu tunaingiza mbabula chumbani tupate joto. Makala yakiwa mekundu bila moshi, tunadhani yamekuwa safi. Hapana! Yanatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoingia katika damu na kuchukua nafasi ya hewa nzuri. Watu wa Goma na Sake wanajua mazuku, hewa inayotoka ardhini, ikakaa mabondeni na kuua. Hii ya makala ni nyingine, nayo inakufuata hata juu ya kilima, ndani ya nyumba uliyoiziba kwa mikono yako.

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kutapika, miguu inalegea. Kama nyumba nzima wanaamka hivyo, na wakitoka nje wanapata nafuu, usimwite bibi mzee wa jirani mchawi. Maneno kama hayo nimeyasikia hata midomoni mwa waombaji. Ombeni, ndiyo, lakini kwanza fungueni mlango, mtoe watu nje, mkimbize mgonjwa kwenye kituo cha afya.

Mbabula ibaki nje. Usiseme imezimika, majivu yanaficha moto. Na juu ya ukuta, chini ya bati, acha tundu la hewa, wala usilizibe hata katika mvua za mwezi wa kumi na moja.

Wajane wenye madirisha mabovu wawaone mashemasi Jumapili baada ya ibada. Vijana watapita na nyundo. Mwenye mpira wa tairi uliotoboka, alete.