Taa ya Chumba cha Giza
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kamati imeniomba nizungumze juu ya jambo ambalo kwa wengi wenu ni dogo: taa. Mkutano wa asubuhi umekubali kwamba chumba cha giza cha chama cha picha kifunguliwe tena, ili vijana wasafishe picha kutoka katika lile sanduku la negativu za shule. Mnalijua sanduku hilo. Humo mna timu za mpira, mna mahafali, mna walimu waliokwisha kututangulia mbele ya haki, na mna sura zetu wenyewe tulipokuwa hatuna mvi wala vitambi. Nyingi hazijapata kusafishwa kwenye karatasi hata mara moja. Fedha tulizochanga si nyingi, na karatasi ya picha hutoka ng'ambo. Kwa hiyo kuchagua taa ni kuamua kama fedha hizo zitatuletea picha au zitatuletea taka.

Nimesikia mapendekezo mawili. Wengine wanataka tuagize taa ya gharama kutoka Ulaya. Wengine wanasema tununue globu dukani, tuipake rangi nyekundu, yaishe. Mimi kazi ya kusafisha picha nimeifanya miaka mingi, na naona pande zote mbili zimeanzia mwisho. Hakuna taa iliyo salama peke yake. Kuna taa iliyo salama kwa karatasi fulani, kwa umbali fulani, na kwa muda fulani. Basi tuanze na karatasi.

Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe hupakwa jelatini yenye chumvi za fedha. Kwa asili yake, chumvi hizo huona mwanga wa buluu na wa zambarau, lakini kwa mwanga mwekundu ni kama kipofu. Ndiyo maana wapiga picha wa kale waliweza kufanya kazi yao yote kwa taa nyekundu. Mwaka 1873, Hermann Wilhelm Vogel wa Berlin aligundua kwamba ukizichanganya chumvi hizo na rangi fulani, zinaanza kuona kijani pia. Wenzake waliendelea, na kufika mwaka 1906 viliuzwa Uingereza vioo vya kupigia picha vilivyoona rangi zote, hata nyekundu.

Vijana, hapo nisikilizeni vizuri. Filamu nyingi za leo ni za aina hiyo ya kuona rangi zote. Filamu kama hiyo hutolewa katika mkebe wake na kuingizwa katika chombo cha kusafishia gizani kabisa, bila taa yoyote. Taa nyekundu mnayoiona katika sinema ni ya kazi ya karatasi. Mkiiwasha mbele ya filamu, mmekwisha kuiunguza.

Karatasi nayo ina aina zake. Ziko za daraja moja tu la ukali, ambazo huona hasa buluu. Ziko pia zile za madaraja mengi, ambazo kampuni ya Ilford ilianza kuziuza mwaka 1940. Hizo huona buluu na kijani, na fundi hubadili ukali wa picha kwa kuweka vichujio vya rangi kwenye mashine ya kukuzia. Taa ya manjano hafifu iliyofaa karatasi za zamani inaweza kuiharibu karatasi ya madaraja mengi, kwa sababu inapitisha kijani. Kodak iliacha kutengeneza karatasi za picha nyeusi na nyeupe mwaka 2005, lakini Ilford na Foma bado wanazitengeneza. Negativu zetu zilipigwa na watu mbalimbali, nyingine kali, nyingine zimefifia. Kwa hiyo tutahitaji karatasi ya madaraja mengi. Hiyo hutaka taa ya rangi ya asali iliyokolea, au nyekundu.

Sasa, Ndugu Mwenyekiti, turudi kwenye globu iliyopakwa rangi. Macho yetu huiona nyekundu tupu, lakini rangi ya kupaka huacha upenyo, hubabuka kwa joto, na mwanga wa buluu hupita hapo. Globu nyeupe ya LED ni mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa mwanga wake mweupe huanza na buluu iliyo kali sana. Kuifunika kwa karatasi nyekundu ya peremende si dawa. Lakini iko LED ambayo mwanga wake wenyewe huzaliwa mwekundu, kiasi cha nanomita 630, bila kupakwa kitu. Hiyo ni rahisi, haili umeme, na karatasi yetu haitaiona kwa urahisi. Taa ndefu za mrija ziondolewe kabisa, maana hata zikizimwa huendelea kung'aa kidogo kwa muda. Na simu zenu ziacheni nje ya mlango.

Umbali nao ni nusu ya usalama. Taa ya kawaida yenye kioo cha rangi hutiwa globu isiyozidi wati 15, na hukaa si chini ya meta 1.2 kutoka kwenye karatasi. Ukiisogeza hadi nusu ya umbali huo, mwanga unaoangukia karatasi huwa mara nne. Afadhali taa ielekezwe darini, mwanga urudi chini umekwisha kupoa. Kuta hazina haja ya kupakwa rangi nyeusi zote. Inatosha pale nyuma ya mashine ya kukuzia.

Mtu atauliza: tutajuaje kama taa ni salama? Wengi huweka sarafu juu ya karatasi chini ya taa, wakaisafisha karatasi, na wasipoona alama ya sarafu hushangilia. Kipimo hicho hudanganya. Chembe za fedha ni kama lori lililokwama matopeni. Watu watano wakisukuma halitikisiki. Akija wa sita linaondoka. Mwanga wa taa peke yake ni wale watano. Mwanga wa picha ukiongezeka, lori linakwenda. Kwa hiyo kingo za picha zitabaki nyeupe, huku mashati yetu meupe ya shule yakitoka kama yaliyofuliwa kwa maji ya mtaroni, na hakuna atakayejua kwamba mkosaji ni taa.

Kipimo cha haki ni hiki. Taa ikiwa imezimwa, ipe karatasi mwanga kidogo wa mashine, kiasi cha kuifanya iwe kijivu hafifu ikisafishwa. Kisha iweke pale mnapofanyia kazi, weka sarafu tatu juu yake, washa taa. Baada ya dakika 2 ondoa sarafu ya kwanza na ufunike sehemu hiyo kwa kadibodi pamoja na karatasi inayoizunguka. Baada ya 4 fanya hivyo kwa ya pili. Baada ya 8 kwa ya tatu. Zima taa, safisha karatasi gizani. Kama hakuna duara lolote linaloonekana, mna dakika 8. Likionekana la mwisho tu, mna 4, nami ningeziita 2. Muda huo huhesabiwa tangu karatasi inapotoka katika boksi mpaka inapoingia katika dawa ya mwisho. Matokeo yaandikwe ukutani pamoja na jina la karatasi na tarehe, na kipimo kirudiwe kila mkibadili karatasi, na kila mwaka, kwani vioo vya rangi hupauka.

Pendekezo langu basi ni hili. Tununue kwanza boksi moja la karatasi ya madaraja mengi na globu mbili nyekundu za LED. Vijana wazipime kama nilivyoeleza, mbele ya mwalimu wao. Zikifaulu, fedha zote zilizobaki ziende kwenye karatasi na dawa. Zikishindwa, hapo ndipo tuagize taa ya Ulaya, na hiyo nayo ipimwe vivyo hivyo, kwani bei si kipimo. Na mpaka kipimo kifanyike, sanduku la negativu libaki limefungwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu. Limengoja miaka mingi; halitashindwa kungoja wiki mbili.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.