Elimu na Vyombo Vyake: Hotuba ya Ijumaa kwa Watu wa Kibimba

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyemwumba mwanadamu akampa masikio ya kusikilizia, macho ya kutazamia na moyo wa kufahamia, kisha akamfanya awe mwenye kuulizwa juu ya vyote hivyo. Sala na salamu zimshukie Bwana wetu Mtume Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu Waislamu mliohudhuria hapa msikitini, nanyi mnaotusikiliza majumbani, hapa Kibimba na kwingineko katika Ngara na Biharamulo, nawausia nyinyi pamoja na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu kwa siri na kwa dhahiri. Maudhui yetu ya leo ni elimu na vyombo vyake. Katika nyumba zetu nyingi kumezuka mabishano juu ya simu na mtandao wa intaneti. Mzazi mmoja asema: Kifaa hiki ni uharibifu mtupu, mwanangu hatakigusa. Mwingine asema: Dunia imeendelea, mwacheni mtoto ashike alitakalo. Wazazi hawa wawili waonekana kuhitilafiana, lakini kwa hakika wamefanya jambo moja: wote wameikimbia kazi ya malezi. Wa kwanza ameufunga mlango na kuondoka, wa pili ameuacha wazi usiku kucha na kulala. Dini yetu haikutufundisha hili wala lile.

Kila mwanafunzi wa chuo ajua ya kwamba wahyi wa kwanza aliouteremshiwa Mtume wetu (S.A.W.) katika pango la Hiraa, nao ni aya tano za mwanzo za Suratul-Alaq, ulikuja na amri ya kusoma, na ndani yake ikatajwa kalamu. Na kalamu ni nini? Ni kijiti kilichochongwa. Hakina imani wala ukafiri. Kwa kalamu umeandikwa Msahafu, na kwa kalamu zimeandikwa hati za kudhulumu mashamba ya mayatima. Hesabu haikuandikiwa kijiti. Imeandikiwa mkono uliokishika.

Tena wapokezi wa sira wametueleza ya kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, mateka wa Makka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikombolea waliachwa huru kwa kuwafunza kuandika watoto wa Madina, kila mateka watoto kumi. Zingatieni, ndugu zangu. Walimu wale walikuwa washirikina waliokuja kwa panga. Mtume (S.A.W.) hakuzikataa herufi kwa sababu ya mikono iliyozileta; lakini pia alijua kinachofunzwa, nacho ni kuandika, si kuabudu masanamu. Hiyo ndiyo mizani yetu: kupokea ujuzi popote ulipo, na kujua barabara tunachokipokea.

Sasa tukijue kifaa chenyewe, kwani mtu ni adui wa asichokijua. Hiki kinachoitwa teknolojia ya kidijitali, asili yake ni hesabu. Maandishi, sauti, picha na ramani, vyote hugeuzwa kuwa mfululizo wa tarakimu mbili tu, sifuri na moja. Tarakimu hizo hurushwa hewani kutoka simu mpaka mnara, na kutoka hapo hupita mbali kwa mwanga ndani ya nyuzi nyembamba za kioo. Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam. Nao mkongo wa taifa umeletwa mpaka Rusumo na Kabanga, ndani ya wilaya hii ya Ngara, ukituunganisha na Rwanda na Burundi. Basi njia ya elimu imepita mlangoni petu. Lakini fahamuni sifa moja ya tarakimu hizo: kuzinakili hakuna taabu, na nakala ya elfu ni sawa na ya kwanza. Ukweli hunakiliwa hivyo, na uongo hunakiliwa hivyo hivyo. Mashine haitofautishi, atofautishaye ni wewe.

Wala hii si mara ya kwanza kwa watu wa pande hizi kuletewa chombo kipya cha kufundishia. Wazee wenu wakumbuka ya kwamba mwaka 1968, mkoa huu ungali ukiitwa Ziwa Magharibi, ulianzishwa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza. Mwaka 1970 ukatangazwa na Mwalimu Nyerere kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya, ikawafikia watu wapatao milioni mbili nchini kote.

Je, ni redio peke yake iliyowafundisha? Hasha. Wakati ule vijiji vingi vilikuwa na redio chache tu. Watu walikusanyika kwa vikundi, kila kikundi na kiongozi wake aliyefunzwa kazi hiyo. Walisikiliza kipindi, wakasoma kijitabu kilichoandaliwa pamoja nacho, wakajadiliana, kisha wakainuka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Palikuwa na chombo, kitabu, mwalimu, mashauriano na kitendo. Kwa juhudi za namna hiyo, nchi ambayo ilipopata uhuru watu wake wengi hawakujua kusoma, kufikia mwaka 1986 ilihesabu wasiojua kuwa chini ya asilimia 10. Na juhudi zilipolegea baadaye, ujinga wa kusoma na kuandika ukarejea kwa wengi. Redio zilikuwapo bado. Kilichopungua ni kikundi na mwalimu. Hili ni funzo kubwa kwa yule anayedhani ya kuwa akimnunulia mwanawe simu ya kisasa amekwisha msomesha.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, liko na funzo la pili, nalo ni zito, na ninyi watu wa Ngara ni mashahidi wake kuliko watu wengine wa Tanzania. Mwaka 1993 ng'ambo ya mpaka ilianza kutangaza redio iliyoitwa RTLM. Ilikuwa na muziki mzuri na watangazaji hodari wa mzaha, vijana wakaipenda. Ndani ya mzaha huo Watutsi wakaitwa mende. Na mwaka 1994, mauaji ya kimbari yalipoanza, redio hiyo ikawa yahimiza kuua na kutaja watu na mahali walipo. Mto Kagera ukaleta maiti. Tarehe 28 Aprili mwaka huo, na kwa muda wa saa 24 hivi, watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo, wengi wao wakikimbia vita, na miongoni mwao wakiwamo waliokuwa na damu mikononi. Benaco ikageuka mji kwa usiku mmoja. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio ile, na rufaa ya mwaka 2007 ikawapunguzia adhabu bila ya kuwaachia huru.

Na mwaka 1995, hapa hapa Ngara, shirika la Kikatoliki la Jesuit Refugee Service lilianzisha redio nyingine, Radio Kwizera, jina ambalo maana yake ni matumaini, ili kuwapa wakimbizi habari za kweli na mafunzo. Uadilifu watutaka tuseme mema ya mwenye kutenda mema. Mawimbi ya hewani ni yale yale, na vikuza sauti ni vile vile. Ila ulimi mmoja ulimcha Mungu katika usemi, na mwingine haukumcha.

Leo kila mwenye simu ana redio yake mkononi. Kijana wa kidato cha pili hupokea ujumbe wenye kumtukana jirani, au wenye kumzulia mwalimu fedheha, au wenye kuwachochea watu wa dini moja dhidi ya wengine, akaupeleka kwa watu mia kabla hajamaliza chai yake. Mwenyezi Mungu katika Suratul-Hujurat ametuamrisha tuhakikishe habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na Mtume wetu (S.A.W.) ametufahamisha ya kuwa kusimulia kila unachokisikia kwatosha kumfanya mtu kuwa mwongo. Asiyeogopa Akhera na akumbuke ya duniani: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na kueneza habari za uongo ni miongoni mwa makosa yaliyotajwa humo.

Waislamu ndio tusiokuwa na udhuru katika jambo hili, kwa kuwa elimu ya kuhakikisha habari tumerithishwa. Imamu Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, alisafiri miji mingi kukusanya hadithi, wala hakukubali maneno matupu. Kwake yeye na wenzake maswali yalikuwa: Nani amekwambia? Naye aliambiwa na nani? Walikutana? Ni mkweli? Hafidhi yake ikoje? Mnyororo ukikatika pahala, hadithi hudhoofika. Basi mfunze mwanao kuuliza maswali hayo mbele ya kioo cha simu. Nani ameandika haya? Lini? Wapi? Nani mwingine mwaminifu ameyathibitisha? Ujumbe usiokuwa na mwenyewe usipewe miguu ya kutembelea.

Na leo umezuka mtihani mpya, nao ni programu za akili mnemba, ambazo mtu huziuliza swali zikamtungia jibu, barua au insha nzima. Zaweza kufafanua somo gumu la hesabu kwa upole na bila ya kuchoka, na hiyo ni manufaa. Lakini pia huweza kusema kosa kwa lugha fasaha kama ya mwanachuoni, na hata kumtajia mtu hadithi isiyokuwamo katika kitabu chochote. Kwa hiyo msichukue kwazo fatwa wala hadithi bila ya kuirejesha kwa wenye elimu. Na mwanafunzi anayeiagiza mashine imwandikie insha, kisha akatia jina lake juu, amekusanya mabaya mawili: amemdanganya mwalimu, na ameinyima akili yake mazoezi. Ni kama aliyemtuma mwenzake akamsalie. Yule aliyetumwa amesali. Yeye bado adaiwa sala.

Ndugu zangu, msiseme ya kwamba maneno haya ni ya watu wa mjini. Mwezi wa Machi 2020, shule zote nchini zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, masomo yalitolewa kwa redio, televisheni na mtandao. Mtoto aliyekuwa na chombo nyumbani aliendelea. Asiyekuwa nacho alikaa. Wote ni watoto wetu, na wote wakarudi kufanya mtihani mmoja. Pengo hilo halikuzibwa kwa shule kufunguliwa. Sisi jamaa wa msikiti tusipolishughulikia, mtoto wa maskini ataachwa nyuma mara mbili.

Basi nawausieni mambo manne. La kwanza, turudie njia ya vikundi. Simu moja nzuri, mwalimu mmoja mwaminifu na watoto kumi na daftari zao, baada ya Alasiri katika baraza ya madrasa, wanatosha kuanza. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba ya mtandaoni yenye vitabu vya kiada. Mwenye simu na apakue kitabu, na asiye nayo asome pamoja naye.

La pili, mabinti wasitengwe. Kutafuta elimu ni faradhi iliyotuenea sote. Nyumba ambayo mvulana hupewa simu ya kusomea na msichana hupewa ndoo na jembe peke yake, imemdhulumu aliyekabidhiwa kwao kwa amana.

La tatu, mzazi awe mbele. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Simu ya mtoto ikae barazani, isilale naye chumbani. Iwe na saa yake, na wakati wa sala na wa kudurusu iwekwe kando. Na baba asimkataze mwanawe upuuzi ilhali yeye mwenyewe hutazama picha za aibu, wala mama asikataze usengenyaji ilhali kundi lake la simu ni soko la nyama za watu.

La nne, mwalimu wa chuo asisahauliwe. Mwaka 1961, kwa sauti ya Sheikh Mahmud Khalil al-Husary wa Misri, ilitolewa rekodi ya Qurani nzima, na leo kisomo hicho chapatikana katika kila simu. Lakini rekodi haikuoni ulimi wako ulipokosea makharaja, wala haikwambii: Rudia. Mwalimu ndiye akwambiaye. Basi ni fedheha kwa mtu kununua kifurushi cha intaneti kila juma na kukosa ada ya mwalimu wa mwanawe mwezi mzima.

Ndugu Waislamu, juu kidogo ya maporomoko ya Rusumo mto Ruvubu hukutana na Kagera, na maji yao huenda pamoja. Maji yale yale mwaka 1994 yalichukua maiti, na leo huzungusha mtambo wa megawati 80 unaogawanywa baina ya nchi tatu. Mto haukubadilika; waliobadilika ni watu na walichokikusudia. Hivyo ndivyo na hiki chombo kilicho mikononi mwa watoto wetu.

Ewe Mola wetu, tuzidishie elimu yenye manufaa, na utukinge na elimu isiyonufaisha. Zihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu na kila uzushi. Wape walimu wetu subira na riziki ya halali, na uwajaalie wana wetu, waume kwa wake, wawe taa ya nyumba zao na amani kwa jirani zao wa kila dini. Warehemu waliokufa kwa dhulma katika nchi hizi za jirani, na usiirejeshe fitina ile kwetu wala kwao. Tusamehe sisi, wazazi wetu na Waislamu wote. Amin.