Mfalme Alfred, Aliyewarudisha Waamuzi Chuoni

Leo tumekusudia kuwasimulieni habari za mfalme mmoja wa Uingereza ya kale, jina lake Alfred, ambaye Waingereza humwita Alfred Mkuu. Alizaliwa yapata mwaka 849, akatawala tangu mwaka 871 hata alipokufa mwaka 899.

Wengi wasimuliapo habari za wafalme huanza na vita. Vita tutavifikia, lakini kwanza twataka mwone jambo moja kwa macho ya moyo. Mwoneni mzee mwenye mvi, mkubwa wa jimbo, mwenye mashamba na watumishi wengi, aliyezoea kuketi barazani na kukata hukumu. Sasa ameinamia kitabu, akisoma herufi moja moja kama mtoto wa juzi. Ulimi u mzito, macho yamechoka, na aibu imemshika. Ni nani aliyemtia katika mashaka haya? Ni mfalme wake, aliyemwambia: Ama ujifunze kusoma, ama uiache kazi ya uamuzi.

Jambo hili lilitukia kweli katika nchi ya Alfred. Basi, kwa nini mfalme aliyekuwa na adui mlangoni aliwashurutisha wazee wake kwenda chuoni? Jawabu la swali hilo ndiyo habari yetu ya leo.

Siku zile Uingereza haikuwa nchi moja chini ya mfalme mmoja. Palikuwa na falme kadha wa kadha: Northumbria upande wa kaskazini, Mercia katikati, East Anglia upande wa mashariki, na Wessex upande wa kusini. Baba yake Alfred, Aethelwulf, alikuwa mfalme wa Wessex. Alfred alikuwa mdogo katika ndugu watano wanaume, wala hakuna aliyedhani kwamba yeye ndiye atakayeketi katika kiti cha baba yake.

Mtawa mmoja aitwaye Asser, mtu wa Wales, aliyekaa na mfalme na kuandika maisha yake mwaka 893, asimulia kisa cha utoto wake. Siku moja mama yake aliwaonyesha wanawe kitabu cha mashairi, akasema, yule atakayejifunza upesi kuliko wenziwe, atampa kitabu kiwe chake. Alfred, aliyependezwa na herufi ya kwanza iliyotiwa nakshi, akakichukua, akamwendea mwalimu amsomee. Akayashika mashairi kwa moyo, akarudi kwa mama yake akayasema yote, akapewa kitabu. Lakini fahamuni kwamba hakukisoma kwa macho yake mwenyewe, kwani alikuwa hajui kusoma. Asser atuambia kwamba Alfred alikaa bila kujua kusoma hata umri wa miaka 12 au zaidi, na katika maisha yake yote alisikitika kwa ajili hiyo. Alipokuwa na nafasi ya kusoma hakuwa na walimu, na alipopata walimu hakuwa na nafasi.

Nafasi aliikosa kwa sababu ya Wadenmark. Watu hawa walitoka ng'ambo ya bahari ya kaskazini katika mashua ndefu za makasia na matanga, wakiteka nyara na kuchoma moto. Mwanzo walikuja na kwenda zao. Lakini mwaka 865 lilikuja jeshi kubwa lililokusudia kukaa. Likaushika mji wa York. Likamwua Edmund, mfalme wa East Anglia. Kisha likamfukuza mfalme wa Mercia. Falme zikaanguka moja baada ya moja, kama miti katika shamba jipya, hata ikabaki Wessex peke yake.

Mwezi wa Januari mwaka 871 Alfred, akiwa bado ndugu wa mfalme tu, alipigana nao pamoja na nduguye Aethelred mahali paitwapo Ashdown, wakawashinda. Lakini furaha haikudumu. Baada ya Pasaka Aethelred akafa, na Alfred akashika ufalme, kijana wa miaka 22 hivi, mwenye ugonjwa uliomsumbua kwa miaka mingi. Mwaka ule watu wake walichoka kwa vita, naye akawalipa adui fedha waondoke. Wakaondoka kweli, lakini amani ya namna hiyo hainunuliwi, hukodiwa tu, na muda ukiisha mwenyewe huja kudai tena.

Muda uliisha mwezi wa Januari mwaka 878. Katikati ya majira ya baridi, wakati ambao majeshi hayatazamiwi kutembea, mfalme mmoja wa Wadenmark, jina lake Guthrum, aliushukia ghafula mji wa Chippenham. Watu wengi wa Wessex wakasalimu amri, na wengine wakakimbilia ng'ambo ya bahari. Alfred, pamoja na kundi dogo la watu, akaingia misituni na vinamasini katika jimbo la Somerset. Ufalme wake wote ulikuwa umebaki matope na matete.

Iko hadithi ipendwayo sana na watoto wa Uingereza, kwamba mfalme alijificha katika kibanda cha mchunga nguruwe, na mke wa mchunga akamkemea vikali kwa kuiacha mikate iungue motoni, asijue anayemkemea ni nani. Hadithi hii iliandikwa karibu miaka 100 baadaye, wala hatuwezi kuishika kuwa kweli. Lakini yatuonyesha jinsi watu walivyomkumbuka: mfalme aliyeshushwa hata akakemewa jikoni, akanyamaza.

Wakati wa Pasaka Alfred akajenga boma dogo katika kisiwa cha Athelney, katikati ya vinamasi, akawa akitoka na kuwashambulia adui mara kwa mara. Akapeleka habari kwa siri, na katika juma la saba baada ya Pasaka watu wa Somerset, na wa Wiltshire, na baadhi ya watu wa Hampshire wakakutana naye. Walipomwona, wengine wakidhani amekwisha kufa, walifurahi mno. Baada ya siku mbili wakapigana na jeshi zima la Guthrum mahali paitwapo Edington, wakalivunja. Wadenmark wakakimbilia ngomeni mwao, Alfred akawazingira siku 14, hata njaa na baridi na hofu zikawashinda.

Sasa tazameni alivyofanya. Angaliweza kuwaua. Lakini Guthrum aliapa kuondoka Wessex na kukubali ubatizo, akabatizwa pamoja na wakubwa 30 wa jeshi lake. Alfred mwenyewe akawa baba yake wa ubatizo, akamkaribisha siku 12 na kumpa zawadi. Baadaye wakaandika mapatano ya mpaka kati ya nchi zao. Guthrum alikaa upande wa mashariki hata kufa kwake, na ingawa amani ilivunjika mara moja moja, Wessex haikutekwa tena naye.

Mtu mwingine angaliridhika hapo akalala. Alfred alijua kwamba wengine watakuja. Basi akaanza kujenga miji yenye boma la udongo na handaki kuizunguka nchi yote, hata mtu wa shamba akisikia adui wanakuja aweze kufika mahali pa salama. Orodha iliyoandikwa zama za mwanawe yataja miji hiyo 30 na zaidi, na hesabu ya watu waliopasiwa kuilinda, yapata 27,000. Huko Wareham na Wallingford kuta zile za udongo zaonekana hata leo. Tena akaligawa jeshi lake mafungu mawili, fungu moja vitani na fungu moja nyumbani, ili mashamba yasikose mikono. Maana askari awazaye mavuno yake yanayoharibika hapigani kwa moyo. Wadenmark wengine walipokuja mwaka 892, walizunguka katika nchi miaka 4 wakipigana na kufukuzwa, mwisho wakatawanyika.

Lakini Alfred aliona adui wa pili, asiyezuiwa kwa handaki. Katika barua aliyowaandikia maaskofu wake alisema kwamba alipoanza kutawala, watu wa kusini ya mto Humber walioweza kufasiri hata barua moja kutoka Kilatini walikuwa wachache mno. Akasema tena neno la ajabu. Hakuwalaumu Wadenmark peke yao. Alisema anakumbuka makanisa yalivyokuwa yamejaa vitabu kabla hayajachomwa. Lakini waliovitunza hawakufaidiwa navyo, kwa sababu havikuandikwa katika lugha yao wenyewe. Hazina ilikuwamo nyumbani, na ufunguo ulikuwa umepotea.

Basi akajiuliza: Sheria ya Musa iliandikwa kwanza kwa Kiebrania, Wayunani wakaifasiri kwa lugha yao, na Warumi kwa lugha yao. Kwa nini sisi tusifanye vivyo hivyo? Akakusudia kwamba vitabu vile vilivyo lazima kwa watu kuvijua vifasiriwe kwa Kiingereza, na kwamba vijana wote waungwana wenye nafasi wafundishwe kukisoma Kiingereza vema. Na wale watakaoendelea mbele, ndipo wafundishwe Kilatini.

Akawaita wataalamu kutoka Mercia, na Wales, na Ufaransa, na Ujerumani. Yeye mwenyewe, mwaka 887, akiwa mtu mzima wa miaka 38 hivi, akaanza kusoma na kufasiri Kilatini. Hakukuwa na saa siku zile. Asser asema mfalme aliagiza mishumaa 6 ya kipimo kimoja, kila mmoja ukiwaka muda wa saa 4, apate kuzigawa saa zake za usiku na mchana. Upepo ulipoingia katika nyufa na kuiharakisha mishumaa, akabuni kandili ya mbao na pembe nyeupe ya ng'ombe iliyochongwa hata ikapenya nuru. Kitabu kimojawapo kilichofasiriwa ni kile cha Papa Gregory kuhusu kazi ya wachungaji wa watu. Na kila askofu alipelekewa nakala yake.

Tena akakusanya sheria za wafalme waliomtangulia, akachagua zilizo njema, akaziandika kwa Kiingereza katika kitabu kimoja. Humo ameagizwa mwamuzi asiwe na hukumu moja kwa tajiri na nyingine kwa maskini. Lakini kitabu cha sheria chamfaa nini mwamuzi asiyejua kusoma? Hapa ndipo tunaporudi kwa yule mzee wetu.

Alfred alikuwa na desturi ya kuzichungua hukumu zilizokatwa asipokuwapo. Akiona hukumu imepotoka, humwita mwamuzi na kumwuliza: Ulihukumu hivi kwa sababu ya kutojua, au kwa upendeleo, au hofu, au chuki, au tamaa ya fedha? Na mwamuzi akijibu kwamba hakujua, huenda alidhani ametoka salama, maana kutojua si wizi. Lakini mfalme hakukubali. Humwambia kwamba amepokea cheo cha wenye hekima, na elimu yenyewe ameiacha. Basi ama akiache cheo upesi, ama aishike elimu kwa bidii. Maana aliyehukumiwa vibaya kwa ujinga amepoteza shamba lake sawasawa na yule aliyehukumiwa vibaya kwa rushwa, na maskini walikuwa hawana wa kumkimbilia ila mfalme.

Wakubwa wale wakaogopa. Asser asema walichagua kujifunza jambo wasilolizoea, kwa taabu kubwa, kuliko kupoteza kazi zao. Na yule ambaye uzee au uzito wa akili ulimzuia, aliagizwa kumtafuta mwanawe, au jamaa yake, au hata mtumishi wake, mwungwana au mtumwa, amfunze kusoma, naye amsomee vitabu vya Kiingereza usiku na mchana, kila apatapo nafasi. Wazee wale waliugua, wakasema heri vijana wa siku hizi, waliopata elimu ambayo sisi katika ujana wetu hatukuipata, na sasa twaitamani na kutoiweza.

Alfred alikufa tarehe 26 Oktoba mwaka 899. Mwanawe Edward, na binti yake Aethelflaed aliyetawala Mercia, wakaiendesha kazi yake ya kujenga miji; na mjukuu wake Athelstan, mwaka 927, akawa mfalme wa kwanza wa Uingereza yote.

Ndugu zetu, ushindi wa Edington wakumbukwa, na ni haki. Lakini sisi twauwaza zaidi usiku ule katika nyumba za Wessex, baba ameketi karibu na moto, na mtoto, au mtumishi, ndiye mwalimu wake, akimsomea sheria ambazo kesho atazitumia barazani. Hakuna aibu katika picha hiyo, ila kwa yule aliyekataa kusikiliza. Nanyi wanafunzi mnaotusikia, ikiwa nyumbani kwenu yuko mzee ambaye ujana wake haukumpa nafasi ya kusoma, basi usiku wa leo kaeni karibu naye, mfungue kitabu, mmsomee.