Nguvu ya Pigo Huanzia Mguuni

Somo la redio juu ya kupiga mpira katika besiboli na softboli

Kabla hatujaanza, mmoja wenu na alete mpini wa jembe usio na jembe lake. Uwekeni karibu na mlango. Tutauhitaji baadaye.

Leo tunajifunza kupiga mpira kwa gongo. Gongo nisemalo ni la mti, si lile la chupa. Besiboli ni mchezo wa Marekani, na wapendwa sana Japani na Kuba pia. Softboli ni ndugu yake: mpira wake ni mkubwa zaidi, uwanja ni mdogo zaidi, na mrushaji huupitisha mkono wake chini, karibu na nyonga. Kwetu Afrika ya Mashariki michezo hii si ya kale. Lakini mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto yanayofanyika Williamsport, Marekani. Basi huenda mwanao naye akakuuliza gongo hupigwaje. Umjibu.

Kwanza fahamu shida ya mpigaji. Mrushaji wa besiboli ya watu wazima husimama umbali wa mita 18 na nusu hivi. Akirusha kwa mwendo wa kilomita 150 kwa saa, mpira hufika kwa sehemu 4 tu katika 10 za sekunde. Tamka neno "moja". Ulipolimaliza, mpira ulikwisha pita. Katika softboli ya wanawake mrushaji yu karibu zaidi, mita 13 hivi. Kwa hiyo, ingawa mpira wake huenda polepole kidogo, mpigaji hapati nafasi kubwa kuliko mwenzake. Katika muda huo lazima auone mpira, aamue kama unafaa kupigwa, kisha alizungushe gongo.

Mtu mwenye haraka hutumia mikono. Huu ndio ugonjwa wa kila anayeanza. Auonapo mpira unakuja, mikono hukimbilia mbele na mwili hubaki nyuma. Gongo huenda, lakini halina nguvu.

Umewahi kumtazama mtu apasuaye kuni? Asiyezoea hupiga kwa mikono mitupu. Baada ya muda mfupi mabega yamechoka na gogo liko vile vile. Aliyezoea hukita miguu yake, kiuno kikaanza, mabega yakafuata, na mikono ikaja mwisho. Shoka hushuka kwa kasi hata huoni lilivyopita. Au fikiri mjeledi. Mkono hwenda kidogo tu pale kwenye mpini, lakini ncha yake hulia. Mwili wa mpigaji ni mjeledi huo: mguu ndio mpini, na gongo ndio ncha.

Sasa uchukue ule mpini. Wengine wote waondoke karibu, hatua 5 au zaidi, na watoto watoke nje kabisa. Kama watumia mkono wa kulia, mkono wa kushoto uwe chini na wa kulia juu yake, ikigusana. (Wa kushoto ageuze yote nisemayo.) Ushike kwa vidole, usiukamate kwa kiganja kizima kama mtu aliyekamata mwizi. Bega la kushoto lielekee kwa mrushaji. Magoti yapinde kidogo. Mikono iwe karibu na bega la kulia, na uzito wako uegemee mguu wa nyuma.

Mpira unakuja. Mguu wa mbele upige hatua fupi, nyepesi, kama mtu anayejaribu barafu au tope asilolijua. Mikono isiende nayo! Mikono ibaki nyuma. Kisigino cha mbele kikishagusa chini, ndipo nyonga zianze kugeuka kuelekea kwa mrushaji, na mguu wa mbele ukakamae uwe kama nguzo. Mguu wa nyuma huzunguka juu ya vidole vyake. Kwa nukta ndogo sana nyonga zimegeuka na mabega bado. Utasikia tumbo na ubavu vimevutika. Mvuto huo ndio akiba yako. Mabega hufuata, kiwiko cha nyuma hushuka karibu na ubavu, halafu mikono, na gongo mwisho wa yote. Kichwa hakiendi popote. Macho yako chini kwenye mpira.

Fanya polepole mara 10, ukisema kwa sauti: "Mguu, nyonga, bega, mkono." Ukijikuta wasema "mkono" wakati mpini umekwisha pita, rudia.

Mpira hukaa juu ya gongo kama sehemu 1 tu katika 1,000 ya sekunde. Kwa hiyo huwezi kuusukuma ukishaugusa. Yote uliyonayo ni yale uliyoyatayarisha kabla. Nao hupigwa vizuri upatikanapo kwenye sehemu nene, kama sentimita 15 kutoka mwisho wa gongo. Hapo mikono haisikii kitu. Ukikosea mahali hapo gongo hutetemeka, na vidole vyaweza kuwasha kama vimeumwa na nyuki.

Liko jambo moja ambalo walimu wamebishana miaka mingi. Wengi wa zamani walifundisha: "Piga kwenda chini." Ted Williams wa Boston alikataa. Huyu alicheza tangu 1939 hata 1960, na mwaka 1941, katika mara 456 zilizohesabiwa, alipata mipigo 185. Alisema gongo lipande kidogo. Kwa nini? Mrushaji wa besiboli husimama juu ya kilima kidogo, siku hizi kimo chake sentimita 25, naye huuachia mpira kutoka juu. Basi mpira hufika ukishuka. Gongo linaloshuka nalo hukatana na njia ya mpira mahali pamoja tu. Lakini gongo linalopanda kidogo hufuata njia ile ile kwa kitambo. Hata ukichelewa kidogo, wakutana nao. Mimi nakubaliana na Williams, ila alisema kidogo. Ukizidisha utapiga hewa, au mpira utapaa juu kama kunguru na kumwangukia mdakaji. Katika softboli hakuna kilima, na mpira hutoka chini. Huko kupanda kwa gongo kuwe kudogo zaidi.

La mwisho ni woga, na sicheki mtu kwa hilo. Mwezi Agosti 1920, Ray Chapman wa Cleveland alipigwa na mpira kichwani, akafa kesho yake. Wakati huo hakuna aliyevaa kofia ngumu. Leo huvaliwa, na mtoto asisimame mbele ya mrushaji bila hiyo. Mwenye woga hupiga hatua ya kukimbia, mguu wa mbele ukaenda pembeni. Nyonga hufunguka mapema na ile akiba humwagika yote. Ikiwa mpira wakujia mwilini, usifungue kifua. Geuza bega la mbele ndani, uelekee nyuma, na kidevu kiingie kifuani. Utapigwa mgongoni. Yauma, lakini utakwenda nyumbani.

Jizoezeni hatua ya kugeuka vile kabla ya kurushiana mpira wo wote. Rusheni soksi iliyojazwa matambara, polepole, mmoja mmoja. Juma lijalo tutasoma juu ya kudaka, na mtu aje na glavu kama anayo. Kwaherini.