Sauti Inapofifia: Ugonjwa wa Parkinson na Usemi



Mzee aliyezoea kuitikia hodi kwa sauti iliyosikika hadi barabarani huanza kuitikia kwa mnong'ono. Wajukuu humwambia, "Babu, sema tena." Naye hushangaa, kwa kuwa masikioni mwake anasema kama siku zote. Hatimaye huchoka kurudia, akanyamaza. Jamaa husema ni uzee, au amenuna, na wengine hudai amerogwa. Huenda ni ugonjwa wa Parkinson.

Ugonjwa huu ulielezwa na tabibu Mwingereza, James Parkinson, mwaka 1817. Wengi huutambua kwa mkono unaotetemeka, viungo vilivyokakamaa na hatua fupi za kuburuta miguu. Hata hivyo, wagonjwa walio wengi hupata pia matatizo ya sauti au matamshi.

Ili mtu aseme, mapafu, nyuzi za sauti, ulimi, midomo na taya havina budi kwenda pamoja. Kazi hiyo huongozwa na mtandao wa sehemu kadhaa za ubongo. Tabaka la juu hupanga maneno na kuamuru misuli. Ubongo mdogo, ulio upande wa kisogoni, hurekebisha ulinganifu wa mienendo. Na mafungu ya seli yaliyo ndani kabisa husaidia kuamua mwendo uanze lini na uwe na nguvu kiasi gani. Mafungu hayo hutegemea kemikali iitwayo dopamini. Kwa mgonjwa wa Parkinson, seli zinazoitengeneza hufa polepole. Sauti hupungua, hukwaruza na kukosa kupanda na kushuka. Maneno hukwama mwanzoni au hutoka mbiombio. Misuli ya uso nayo hupungukiwa mienendo, hivyo uso usio na bashasha si dalili ya kiburi.

Aidha, ubongo hulinganisha daima sauti inayotoka na ile iliyokusudiwa. Kwa mgonjwa, kipimo hicho hupotoka: sauti ndogo humtosha, na akisema kwa sauti ya kawaida hudhani anapiga kelele. Ndiyo maana akihimizwa kupaza sauti huipaza kwa sentensi moja, kisha ikashuka tena.

Dawa ya levodopa hupunguza ukakamavu na kurahisisha mwendo, lakini mara nyingi faida yake katika usemi ni ndogo. Mazoezi ya sauti husaidia. Mojawapo ya njia zinazojulikana ilianzishwa Marekani katika miaka ya 1980 na mtaalamu Lorraine Ramig: vipindi 16, siku 4 kwa wiki, kwa wiki 4. Lengo lake ni moja, yaani kusema kwa sauti kubwa hadi mgonjwa azoee kipimo kipya.

Nyumbani, familia izime redio wakati wa mazungumzo, imtazame mgonjwa usoni, impe muda, wala isimmalizie maneno. Akipaliwa mara kwa mara anapokula au kunywa, apelekwe kwa mganga bila kuchelewa, kwa kuwa misuli mingi ya kusemea ndiyo ya kumezea. Asiache dawa ghafla bila ushauri wa daktari.

Mwenye mzazi au jirani aliyefifia sauti aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, aeleze mabadiliko hayo yalianza lini, na aulizie rufaa ya kumwona daktari wa mishipa ya fahamu.