Kikomo cha Fidia na Bei ya Bima: Nani Hubeba Hasara ya Ajali?

Mada iliyotayarishwa kwa semina ya wenye magari ya abiria, mawakala wa bima na mawakili, Makadara, Mombasa

1. Utangulizi

Nimeombwa kueleza iwapo kuziwekea mpaka fidia za ajali kutashusha bei ya bima ya magari ya abiria. Swali hili huzuka kila bei ya stika ya bima inapopanda, na jibu lake hutolewa upesi: mahakama zinatoa fidia nono, mawakili wanachochea kesi, kampuni za bima zinaumia, na mwenye tuktuk wa Makadara ndiye anayelipa. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, nami sitauficha. Hoja yangu ni kwamba ukweli huo ni sehemu ndogo, na kwa kuushikilia peke yake tumeacha kidonda chenyewe bila tiba, yaani hukumu zinazotolewa na zisilipwe. Niseme mapema kwamba maoni haya ni yangu. Hayaifungi taasisi yoyote, wala hayakusudii kuitia doa kampuni inayofanya kazi yake kwa uadilifu.

2. Maana ya istilahi

Istilahi zenyewe mnazijua. Bima ya mtu wa tatu ni ile inayolazimishwa na Sura ya 405 ya sheria za Kenya kwa kila gari litembealo barabarani, ili aliyeumizwa na gari hilo apate fidia. Fidia huwa ya gharama zilizotumika, kama vile hospitali na dawa, ya kipato kilichopotea, na ya maumivu yenyewe. Kikomo ni kiwango ambacho kampuni ya bima hailazimiki kukipita katika kumlipa mdai mmoja. Jedwali ni orodha inayopanga kila jeraha na malipo yake, hakimu asiwe na nafasi ya kupima mwenyewe. Kikomo na jedwali ni vitu viwili, na kuvichanganya kumeleta mkanganyiko mwingi katika mjadala huu.

3. Tulikotoka

Hofu ya fidia kubwa ni ya zamani katika mahakama zetu. Katika kesi ya Kigaraari dhidi ya Aya, miaka ya 1980, Mahakama ya Rufani ilionya kwamba fidia lazima zibaki ndani ya uwezo wa uchumi wa nchi, kwa kuwa fidia kubwa hatimaye hulipwa na umma kupitia ada na bei za bima. Onyo hilo linatajwa mpaka leo katika hukumu za ajali, na ndilo linalomfanya hakimu alinganishe jeraha lililo mbele yake na majeraha yaliyokwisha kuamuliwa. Maana yake ni kwamba breki ilikuwapo kabla Bunge halijaingilia. Kisha kikaja kikomo cha Sh3,000,000 kwa mdai mmoja, kilichoingia katika Sura ya 405 katika muongo wa kwanza wa karne hii. Mwaka 2013 Bunge likaongeza jedwali. Chama cha Mawakili kikalipinga mbele ya Mahakama Kuu, na mwaka 2016 mahakama ikaliona jedwali kuwa kinyume cha Katiba, huku kikomo kikibaki. Kwa hiyo tunapojadili leo kama kikomo kitasaidia, hatubahatishi. Kimekuwapo kwa miaka mingi, na matokeo yake yanaonekana.

4. Kikomo hakifuti hasara

Mtu akikatika mguu katika ajali, hasara imekwisha kutokea. Sheria haiwezi kuifuta. Inaweza tu kuamua nani aibebe. Mahakama ikitoa hukumu ya Sh5,000,000, kampuni ya bima italipa Sh3,000,000 na kuacha Sh2,000,000 ambazo mdai ana haki ya kumdai mwenye gari. Mwenye gari asiye na kitu isipokuwa tuktuk moja aliyoinunua kwa mkopo hawezi kulipa, na dalali wa mahakama akija kukamata mali, hakuna mali ya kutosha kukamata. Inayobaki huangukia familia ya aliyeumia: mama anayeacha biashara yake Marikiti ili amuuguze mwanawe, watoto wanaokatizwa masomo, na hospitali ya umma inayotibu bila kulipwa. Ndiyo maana nawaomba wenye magari mliopo mkitazame kikomo kwa makini. Mmekuwa mkiambiwa kinawalinda nyinyi, ilhali kinapunguza kinga mliyoinunua. Kama bei imeshuka kwa sababu ya kikomo, imeshuka kwa kuwa mmeuziwa bima iliyopunguzwa.

Jambo la pili ni kwamba kikomo hakiwagusi wadai walio wengi. Madai yanayojaa katika mahakama za mahakimu ni ya majeraha madogo na ya wastani: michubuko, mshipa uliotenguka, mfupa mmoja uliovunjika ukaunga. Hayo hayakaribii Sh3,000,000. Wanaoguswa ni wachache walioumia vibaya zaidi, waliopooza au waliopoteza viungo, na hao ndio wasioweza kurudi kazini. Ikiwa mzigo wa kampuni unatokana na wingi wa madai madogo, na gharama za kuyapigania, basi kumkata mlemavu fidia yake hakuupunguzi mzigo huo hata kidogo.

Jambo la tatu ni wakati. Kikomo kilichoandikwa kwa shilingi bila utaratibu wa kukirekebisha hupungua kila mwaka bila Bunge kupiga kura. Majirani zetu wa Uganda wanatupa mfano ulio wazi. Sheria yao ya bima ya mtu wa tatu ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni moja za Uganda kwa mtu mmoja, na kwa miongo mingi kiwango hicho kikaachwa vilevile huku thamani ya pesa ikiyeyuka. Stika ikawa ya bei nafuu, lakini fidia inayotolewa kwa stika hiyo haimfikishi majeruhi mbali.

Nchi nyingine zinatoa ushahidi huohuo. Uingereza ilianza kutumia jedwali la fidia za majeraha madogo ya shingo Mei 2021, baada ya kampuni kuahidi nafuu kwa wateja. Bei za bima ya gari zikapanda sana miaka ya 2022 na 2023, kwa kuwa gharama za vipuri na matengenezo zilipanda. Afrika Kusini ilibana fidia za Mfuko wa Ajali za Barabarani kuanzia Agosti 2008, na Mahakama ya Katiba ikaunga mkono hatua hiyo mwaka 2010. Mfuko huo umeendelea kuzama katika madeni. Sisemi kwamba kikomo hakina athari yoyote kwa gharama. Nasema bei ya bima huvutwa na kamba nyingi, na hii moja haitoshi kuishusha.

5. Tatizo lenyewe: hukumu isiyolipwa

Hapa ndipo ninapoomba subira yenu, maana jambo hili limezungumzwa katika vikao vingi na kila kikao huahidi kulishughulikia. Kampuni ya bima hupokea pesa leo na kulipa baada ya miaka. Mwenye matatu hununua stika ya mwezi mmoja. Abiria akiumia mwezi huo, sheria inampa miaka mitatu ya kufungua kesi. Kesi ikifunguliwa, kuna kutafuta abstrakti ya polisi na fomu ya P3, ripoti ya daktari wa mdai na ripoti ya pili ya daktari wa kampuni, kuahirishwa kwa tarehe, hukumu, kisha rufani. Katika muda huo wote hakuna anayejua kwa hakika kama bei ya ile stika ilitosha. Kampuni yenye pupa inaweza kuuza chini ya gharama ili kupata wateja, na kulipa madai ya zamani kwa pesa za wateja wapya. Kampuni makini, inayotoza bei ya haki, hupoteza wateja au huacha kabisa kukatia bima magari ya abiria. Siku kampuni ya bei rahisi inapoanguka, wateja wake hukimbilia zilizobaki, nazo hupandisha bei kwa kuwa zimebaki chache na zimeona hatari. Hivyo kupanda kwa bei mara nyingi hufuata anguko, na anguko huzaliwa na bei isiyo ya kweli iliyofichwa na ucheleweshaji.

Tazameni orodha ya kampuni zilizokuwa na wateja wengi wa magari ya abiria na zikawekwa chini ya usimamizi wa kisheria: United Insurance mwaka 2005, Standard Assurance mwaka 2009, Blue Shield mwaka 2011, Concord mwaka 2013, Xplico Desemba 2023, na Invesco Agosti 2024. Angalau nne za mwisho zilianguka wakati kikomo kimo ndani ya sheria. Kama ukubwa wa fidia ndio ungekuwa ugonjwa, dawa ilikwisha kunywewa na mgonjwa hakupona.

Kampuni ikishawekwa chini ya meneja wa kisheria, hutolewa amri ya kusitisha malipo. Nia ya amri hiyo ni njema: kuokoa kilichobaki, wasije wadai wachache wenye mbio wakachukua vyote. Lakini kwa United Insurance amri hiyo ilirefushwa tena na tena. Mdai mwenye hukumu mkononi huambiwa asubiri, na mwenye gari aliyelipia bima yake kihalali hujikuta anadaiwa yeye. Hazina ya Fidia kwa Wenye Bima ipo, na kuwapo kwake ni hatua ya maana, ila kwa muda mrefu kiwango chake cha juu kimekuwa Sh250,000 kwa dai. Hiyo ni sehemu moja ya kumi na mbili ya kikomo chenyewe. Sheria inayomwambia majeruhi kwamba hatapata zaidi ya milioni tatu kutoka kwa kampuni ya bima ilipaswa angalau kumhakikishia kwamba milioni tatu hizo atazipata.

Hili linawezekana, kwa kuwa tunayo sheria yetu wenyewe iliyofuata njia hiyo. Sheria ya Fidia za Majeraha Kazini ya mwaka 2007 ilimwondolea mfanyakazi haki ya kumshitaki mwajiri. Baada ya mabishano marefu, Mahakama ya Juu iliithibitisha tarehe 3 Desemba 2019. Wafanyakazi wa bandari yetu wana malalamiko kuhusu utekelezaji wake, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini msingi wake ni wa uadilifu: mfanyakazi ananyimwa kesi, naye anapewa fidia bila kulazimika kuthibitisha kosa la mwajiri. New Zealand ilifanya hivyo kwa ajali zote tangu mwaka 1974. Kikomo cha Sura ya 405 kimechukua bila kutoa. Majeruhi bado anapaswa kuthibitisha kosa, bado anasubiri miaka, na mwishoni anakatwa fidia yake.

6. Hoja za upande wa pili

Wapo wasemao kwamba kesi za uongo zimejaa, na ni kweli kwamba zipo. Kuna majeruhi wasiowahi kupanda gari lililoanguka, na ripoti za daktari zinazofanana neno kwa neno. Lakini ulaghai hutajirika kwa wingi wa madai madogo, ambayo kikomo hakiyafikii. Dawa yake ni uchunguzi, na tangu mwaka 2011 kuna kitengo maalumu cha polisi cha ulaghai wa bima. Wengine husema bila kikomo kampuni haiwezi kukadiria hatari. Hoja hii naiheshimu, kwani kukadiria ni roho ya bima. Hata hivyo, makadirio yanahitaji uthabiti wa hukumu, na mwongozo wa viwango unaochapishwa na Idara ya Mahakama na kurekebishwa mara kwa mara ungeuleta bila kumfunga hakimu mikono. Wengine tena husema mwenye gari maskini hatamudu bima kamili. Basi na aulizwe kama atamudu kuuziwa gari lake na dalali. Bima nafuu isiyolipa imemgharimu mara mbili.

7. Mapendekezo

Kwa heshima kwa taasisi zote husika, napendekeza:

Kwanza, kikomo cha Sh3,000,000 kipitiwe upya na kifungwe na kupanda kwa gharama za maisha, ili kisipungue kimyakimya.

Pili, jedwali lisirudishwe kama pingu. Idara ya Mahakama itoe mwongozo wa viwango vya fidia.

Tatu, Mamlaka ya Kudhibiti Bima ichunguze bei za bima ya magari ya abiria na izuie zile zilizo chini ya gharama kabla kampuni haijaanguka.

Nne, kila kampuni itangaze hadharani kila robo mwaka hukumu ilizo nazo zisizolipwa. Mwenye gari aione orodha hiyo kabla ya kununua stika.

Tano, kiwango cha Hazina ya Fidia kipandishwe kikikaribie kikomo cha sheria.

Sita, amri ya kusitisha malipo iwe na mwisho usiorefushwa, na mwenye gari aliyelipa bima alindwe asikamatiwe mali katika kipindi hicho.

Saba, Bunge liondoe utata kuhusu mamlaka ya Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ya mwaka 2016 inataja fidia ya majeraha na kuagiza uamuzi ndani ya siku 60, lakini majaji wametofautiana iwapo inahusu ajali za barabarani.

Nane, madaktari na mawakili wanaothibitika kutunga madai wachukuliwe hatua na vyama vyao, pamoja na kushitakiwa.

Tisa, punguzo lolote la haki ya majeruhi liambatane na nafuu inayopimika. Uingereza iliziwajibisha kampuni kuthibitisha kwamba akiba iliwafikia wateja, na Kenya ifanye hivyo.

Kumi, narudia kwa msisitizo: hukumu zilizokwisha kutolewa zilipwe kwanza, kabla ya kujadili kupunguza zijazo.

8. Hitimisho

Mwenyekiti, bei ya bima haitashushwa kwa kumpunguzia aliyeumia. Itashuka pale bei zitakapokuwa za kweli, kesi zitakapokwenda upesi, walaghai watakapobanwa na kampuni zitakapolipa. Nawaomba wenye magari na mawakili wa Mombasa mliozoea kukutana mahakamani kama mahasimu mtoke hapa mkiwa na dai moja kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima na kwa wabunge wetu: bima iliyouzwa ilipe.