Hotuba ya Mwenyekiti: Huzuni ya Bahari Tuibebe Pamoja



Tumetimiza miaka kumi ya kuweka na kukopa, tunamshukuru Mungu. Leo nataka kusema jambo ambalo halimo kwenye daftari la hisa.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989. Kina mama wa pwani hii tumesomesha watoto kwa kamba na vijiti. Siku hizi kaskazi ikiingia na maji yakapata moto, kotonii, ule wenye bei nzuri, unageuka mweupe, unakatika, maji yanauchukua. Unaostahamili ni spinosamu, na bei yake ndogo.

Hasara ya pesa tunaihesabu. Huzuni je? Mama halali usiku, bamvua likifika anaogopa kwenda kuangalia shamba, akiulizwa anasema kichwa tu. Jamani, huyo si mvivu wala hakukosa imani. Ana majonzi, bahari aliyoizoea inabadilika mbele ya macho yake.

Kwa hiyo kikao kimekubaliana: kabla ya kufungua sanduku kwa zile funguo tatu, mwenye uzito moyoni auseme. Asiyefika vikao viwili, wenzake wawili wamwendee kumjulia hali, madeni yasitajwe siku hiyo. Na mfuko wa jamii, unaotusaidia msibani, umnunulie mbegu aliyepoteza mwani wake.

Bahari hatuwezi kuipoza sisi. Kukaa na mwenzetu tunaweza, naomba tusichoke.